Bembeza, Si Bembeleza: Bega la Mama Dari Larudi Kazini

Jumamosi, saa mbili kasorobo asubuhi. Mvua ya usiku imekatika, jua ni jepesi, na hewa ni kavu kiasi cha kufaa rangi. Katika ukumbi wa chakula wa shule moja ya chekechea, meza ndogo zimesukumwa pembeni na kufunikwa kwa magazeti ya zamani. Katikati ya sakafu amesimama mwanamke wa miaka hamsini na mbili, amevaa ovaroli yenye madoa ya kila rangi. Kichwa amekiinua. Anaitazama dari.

Dari nayo inamtazama. Ni ya manjano iliyochujuka, na kwenye kona ya dirisha ina doa la kahawia lililoachwa na bomba lililovuja. Kuta zote nne zimepakwa rangi mpya nyeupe, zinang'aa. Dari peke yake imebaki vile vile, kama mtu aliyevaa suti akasahau kuchana nywele.

"Ulinikumbuka?" anaiuliza.

Nyuma yake, wifi yake anaijibia dari. "Haikukukumbuka hata kidogo. Ilikuwa likizo. Panda, wifi, mwalimu asije akaghairi."

Mwanamke huyo ni fundi rangi. Mtaani wanamwita Mama Dari, na jina hilo limemganda kiasi kwamba hata mumewe humwita hivyo anapotaka kumchokoza. Miezi mitano na nusu iliyopita alifanyiwa upasuaji wa bega la kulia. Leo ndiyo mara ya kwanza anarudi juu ya ngazi, na kuna jambo moja tu la kujua: mkono huo utafika juu na kubaki huko, au hautafika.

Shule inafunguliwa Jumatatu. Mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni, hakuficha masharti yake.

"Sikumwekea kazi hii kwa huruma," anasema. "Dari ya jikoni aliipaka miaka tisa iliyopita na mpaka leo haijabanduka. Lakini siwezi kuwalisha watoto chini ya doa lile muhula mwingine. Jumapili jioni nikikuta bado, nitampa fundi mwingine, na madarasa ya likizo ijayo atayachukua yeye."

Kwa Mama Dari na wifi yake, madarasa hayo ndiyo kazi kubwa ya mwaka mzima. Anaweka mguu kwenye ngazi.

Kazi ya rangi aliianza akiwa msichana, kwa kubeba ndoo za mafundi wa kiume. Mafundi hao walipenda kuta. Dari waliikimbia, kwa sababu rangi ya dari humdondokea mpakaji usoni, kwenye kope na, akithubutu kucheka, mdomoni.

"Ukuta unakutazama usoni kwa heshima," anasema. "Dari inakutemea mate. Nikasema, basi mimi nitakuwa wa kutemewa. Kazi inayokimbiwa na wengi haina foleni."

Wifi yake, mdogo wa mumewe, alijiunga naye baadaye. Mgawo wa kazi haukuhitaji mkutano. Wifi haogopi nyoka, haogopi mbwa, haogopi mwenye nyumba anayegombana kuhusu rangi. Ila akipanda ngazi hatua mbili, magoti humcheza ngoma isiyo na mpigaji. Basi kuta zikawa za wifi, dari zikawa za Mama Dari, na kwa miaka kumi na minne hakuna aliyevuka mpaka.

Bega lilianza kulalamika jioni tu, baada ya kazi. Halafu likaanza kulalamika usiku, akilalia upande wa kulia. Mwishowe, asubuhi moja, alishindwa kufikia rafu ya jikoni.

"Nilimwomba mume wangu anipe chumvi," anakumbuka. "Akaniletea chungu."

Hapo inafaa kueleza habari za mume. Yeye ni msagaji. Amefanya kazi kando ya mashine ya kusaga nafaka tangu ujana wake, na ngurumo ya mashine hiyo imemchukulia sehemu ya masikio. Husikia nusu ya maneno. Nusu nyingine huijaza mwenyewe. Ni mtu mpole, mwenye unga kwenye nyusi, na hapendi kumwomba mtu arudie alichosema. Anaona ni utovu wa adabu.

Daktari wa upasuaji alikuta msuli mmoja wa bega umelika taratibu kama kamba ya ndoo, hadi ukaachana na mfupa. Aliahidi kuushona. Lakini aliongeza kauli ambayo mgonjwa wake anaikumbuka neno kwa neno: "Mimi nitashona nusu ya bega. Nusu nyingine utaishona mwenyewe nyumbani, kwa mazoezi."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nusu ya pili ndiyo iliyokwenda mrama.

Siku ya kuruhusiwa, Mama Dari alikuwa amekaa kitandani, mkono umening'inizwa shingoni kwa mkanda, kichwa bado kizito kwa dawa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mwenye sauti ya chini kama ya mtu aliye maktaba, alikuja akiwa amevaa barakoa. Alimgeukia mume na kumpa maelekezo. Mara tatu kwa siku mgonjwa atoe mkono kwenye mkanda, ainame, aubembeze polepole.

Mume aliitikia kwa kichwa. "Ainame" aliisikia kuwa "anyamaze". "Aubembeze" aliisikia kuwa "aubembeleze".

"Nilishangaa kidogo," anakiri. "Lakini nikasema, hospitali za siku hizi zina mambo mapya. Kisha nikafikiri: mtu mwenye mkono mmoja atajibembelezaje? Kazi hiyo ni ya mume."

Akaifanya kwa moyo wote. Asubuhi kabla ya kwenda kazini, mchana aliporudi kula, na jioni, alivuta kiti, akaweka mto mapajani, akaulaza mkono wa mkewe juu ya mto, akamwambia, "Sasa nyamaza, mama watoto." Akaanza kuupapasa kuanzia kiwiko hadi kifundo. Siku ya pili aliona kupapasa peke yake hakutoshi, akatunga wimbo.

*Mkono wa mama, tulia,*
*dari haijakimbia.*

Sauti ya msagaji si ndogo, kwa sababu amezoea kushindana na mashine. Jirani wa ukuta wa pili alibisha hodi akiwa na soksi za kichanga mkononi. Alidhani wamepata mjukuu.

Wifi alipoukuta mkono ukiimbiwa, alisimama mlangoni akashika kiuno. "Kaka, na mimi jino langu likiniuma utaliimbia?"

"Likipewa maelekezo na hospitali, nitaliimbia," kaka yake alijibu bila kugeuka.

Mwenye mkono naye alikuwa na mashaka yake. Wodini aliona wagonjwa wenzake wakiinama na kuning'iniza mikono, hakuna aliyeimbiwa. Lakini hakusema.

"Tumeoana miaka mingi," anasema, akicheka huku akikoroga rangi. "Hakuwahi kuniimbia hata siku moja. Nani anakataa kubembelezwa?"

Baada ya wiki tatu walirudi hospitali. Mtaalamu alishika mkono, akajaribu kuusogeza pembeni taratibu. Mkono uligoma kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua.

"Mmekuwa mkibembeza?" aliuliza.

"Sana," mume alijibu kwa fahari. "Asubuhi, mchana na jioni."

"Wewe, baba?"

"Sasa nani? Yeye ana mkono mmoja."

Mtaalamu alikunja uso. "Hebu nionyesheni."

Mume alivuta kiti. Aliomba mto, akapewa. Aliulaza mkono mapajani, akamwambia mkewe anyamaze, akapapasa kutoka kiwiko hadi kifundo, na mbele ya wagonjwa wengine wanne akaanza kuimba kwamba dari haijakimbia.

Mtaalamu alitazama dirishani. Kisha alitazama sakafu. Kisha akavua barakoa, maana kicheko kilikuwa hakina pa kutokea.

"Baba," alisema alipoweza kusema, "nilisema kubembeza. Kama bembea. Sikusema kubembeleza, kama mtoto."

Wifi, aliyekuwa amewasindikiza, alidakia. "Silabi moja, kaka! Silabi moja imeligandisha bega la mke wako!"

"Nilitamani ardhi ipasuke nizame," anasema mume.

Lakini mkewe alimtetea palepale. "Msimcheke. Bega limekauka, sawa. Ila sijawahi kulala vizuri maishani mwangu kama wiki hizi tatu."

Mtaalamu hakumlaumu mtu. "Kosa lilikuwa langu," anasema sasa. "Nilieleza kwa mdomo jambo linaloelezwa kwa mkono. Siku hizi mgonjwa haondoki mbele yangu mpaka anionyeshe zoezi mwenyewe, na anayemuuguza pia anionyeshe." Neno "bembeza" amelistaafisha. Husema: "Fanya mkono wako uwe bembea."

Ndipo kazi ya kweli ilipoanza, na ilianza kwa machozi. Mama Dari aliinama, akaegemea meza kwa mkono wa kushoto, akauacha wa kulia uning'inie. Mwili ndio ulioyumba. Mkono ulifuata tu, mbele na nyuma, kisha kwa mduara mdogo kama ndoo tupu kwenye kamba. Mwanzoni mduara ulikuwa wa ukubwa wa kikombe. Baadaye ukawa wa sahani. Ilipofika wiki ya sinia, wifi alileta sinia lenyewe akaliweka sakafuni chini ya mkono ili ahakikishe kwamba hadanganywi.

Alifundishwa pia aina mbili za maumivu. Maumivu ya kuvuta ni rafiki, endelea naye. Maumivu ya kuchoma ni askari, akikusimamisha, simama.

Subira haikuwa tabia yake, lakini aliielewa kwa lugha ya kazi yake. "Daktari aliniambia mshono wa ndani bado mbichi. Nikasema, usiendelee, nimeelewa. Ukipaka rangi ya pili juu ya rangi mbichi, zote mbili zinabanduka."

Alipovuliwa mkanda, zoezi lilihamia ukutani. Alisimama akiutazama ukuta wa sebule na kuvitembeza vidole viwili kupanda juu, hatua kwa hatua, kama mjusi. Ukuta huo ni wa kijani, na aliupaka mwenyewe, kwa hiyo hakutaka mtu aweke alama ya kalamu. Mumewe akaja na ufumbuzi kutoka kazini: unga. Kila asubuhi alichovya vidole katika unga, mjusi akapanda, akaacha nyayo nyeupe. Jioni nyayo zilifutwa kwa kitambaa chenye maji.

"Mjusi wako leo amelewa," wifi alimwambia siku ambayo nyayo zilikwenda upande.

"Hajalewa. Amekuona wewe akaogopa."

Mpini wa rola ya rangi, ule mrefu wa kazini, uligeuzwa kuwa kifaa cha mazoezi. Alilala chali, akaushika kwa mikono miwili, akaacha mkono mzima uusukume ule mgonjwa kuelekea kichwani. Ulipofika wakati wa kutafuta nguvu, mume alikata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga kwenye kitasa cha mlango. Mara hii, kabla ya kufunga, alimpelekea mtaalamu ukanda wenyewe, akauliza zoezi linafanywaje, akarudia maelezo neno kwa neno, kisha akaonyesha kwa vitendo. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walimpigia makofi.

Hata hivyo, nyayo za unga zilipofika usawa wa bega, zilisimama. Wiki moja zilisimama. Wiki ya pili zilisimama. Mtaalamu alipoushika mkono kwa mikono yake, ulipanda bila shida. Mwenyewe alipoupandisha, uligota palepale, kama kwamba kuna dari isiyoonekana.

Jioni moja, jikoni, alimwambia wifi yake bila kumtazama, "Tafuta mtu wa dari."

"Mtu gani?"

"Yeyote mwenye mabega mawili."

"Nimeshakuzoea wewe mwenye moja na nusu."

"Wifi, sitanii."

Wifi alimtazama, akaona kweli hatanii. Alifunga kilemba chake vizuri akaenda zake.

Kesho yake alirudi akiwa amebeba ngazi. Aliiegemeza kwenye ukuta wa nyumba, uani, akakunja mikono ya blauzi.

"Dari nitapaka mimi," alitangaza.

"Wewe?" walisema mume na mke kwa pamoja.

"Mimi. Ni woga tu. Woga ni kama mbwa wa jirani, ukimkazia macho anarudi kwao."

Kisha akafumba macho akapanda.

Alipanda haraka, jambo ambalo halikutarajiwa na mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Miguu yake ilikuwa imepita vichwa vya waliokuwa chini alipofumbua macho, akaliona bati la jirani kwa juu, pamoja na kiatu kimoja kilichotupwa huko. Akaikumbatia ngazi.

"Kaka! Wifi! Nakufa!"

"Hujafa, unapiga kelele," alisema kaka yake, akiishikilia ngazi kwa nguvu zote.

Mama Dari alisogea karibu. Yeye ndiye anayezijua ngazi. "Wifi, nisikilize mimi. Mguu wa kushoto, teremsha."

"Hakuna mahali pa kukanyaga!"

"Papo. Nimekushika kisigino. Fuata mkono wangu. Hapo. Umeona? Sasa wa kulia."

Mume, ambaye kwa kawaida angekuwa anamtazama dada yake, alikuwa ameacha kumtazama.

"Mama watoto," alisema polepole, "mkono wako uko wapi?"

"Uko kwenye kisigino cha dada yako, huoni?"

"Mkono gani?"

"Si huu—"

Aliutazama. Ulikuwa wa kulia. Ulikuwa juu ya sikio lake, umenyooka, umeshika kisigino, na haukuwa umemwomba mtu ruhusa.

Wote wawili walibaki kuutazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Na mimi?" wifi alilia kutoka juu. "Mnapima mikono na mimi niko mbinguni!"

Walipoenda hospitali wiki hiyo, mtaalamu alisikiliza kisa kizima, akaupima mkono, akatabasamu. Bega lilikuwa limeshafunguka tangu siku nyingi, aliwaeleza. Kilichobaki kulifunga ni hofu. Mgonjwa alikuwa ameumia kwa muda mrefu kiasi kwamba alijifunza kusimama kabla ya maumivu kufika. "Siku ile hakuwa na nafasi ya kuogopa," anasema mtaalamu. "Aliyeogopa alikuwa mwingine." Kisha alitoa agizo kwamba safari nyingine wifi apandishwe juu ya kiti, asipandishwe juu ya ngazi.

Kuanzia hapo mjusi alipanda kila asubuhi, mpaka Mama Dari akahitaji kusimama kwa ncha za vidole. Miezi miwili baadaye alipewa ruhusa ya kujaribu kazi, kwa masharti: brashi nyepesi, ngazi ishikwe na mtu, mapumziko ya mara kwa mara. "Ukichoka, shuka," mtaalamu alimwambia. "Bega halijui shule inafunguliwa lini."

Sasa, ukumbini, anafanya jambo la kwanza linalofanywa na kila fundi wa dari: kingo. Wifi ameishika ngazi chini, uso ameugeuzia pembeni ili asimwone mtu aliye juu. Brashi inapita pale dari inapokutana na ukuta, mstari mweupe unafuata, umenyooka kama uzi uliovutwa. Tone la kwanza linamdondokea Mama Dari shavuni.

"Imeanza," anasema, na sauti yake imejaa raha.

Upande wa kwanza unaisha. Anashuka, anatikisa mkono, anapumzika. Upande wa pili unaisha. Doa la kahawia analifunika kwa rangi ya mafuta ili lisipenye juu, kama kawaida ya madoa ya maji. Kufikia saa sita kingo zote nne zimekamilika, na wifi anapiga kigelegele kinachomleta mwalimu mkuu mbio, akidhani mtu ameanguka.

Baada ya chakula inakuja sehemu ya katikati, iliyo kubwa kuliko zote. Kwa hiyo hutumika rola yenye mpini mrefu, mtu akisimama sakafuni au juu ya jukwaa fupi, na kusukuma kwa nguvu ya bega. Anachovya rola, anakamua, anainua. Anasukuma mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu anasimama, na uso wake unabadilika.

"Kuvuta au kuchoma?" wifi anauliza.

"Kuchoma."

"Basi askari amekusimamisha."

Mama Dari anaishusha rola kwenye trei. Juu yake, dari ina fremu nyeupe safi na katikati ya manjano, kama picha ambayo haijachorwa. Jumapili jioni si mbali. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuushika mkono wake.

Wifi anauokota mpini. Anauangalia kuanzia chini hadi juu, kisha anaitazama dari.

"Hii inafika?"

"Inafika."

"Mtu akisimama chini? Hapa, sakafuni, kwa miguu yake miwili?"

"Ndiyo, inafika, ndivyo ninavyo—"

Wanatazamana. Miaka kumi na minne inapita kati yao.

"Wifi," anasema Mama Dari, "kumbe tu wajinga kiasi hiki?"

"Semea nafsi yako. Mimi naogopa ngazi tu. Na sakafu hatujawahi kukosana."

Wanacheka hadi Mama Dari anajifuta macho kwa mkono wa ovaroli na kujipaka rangi kwenye nyusi. Lakini kicheko kinapokwisha, Mama Dari ananyoosha mkono na kuukamata mpini. Mkono wake wa kushoto umeushika upande wa pili. Dari ni zake. Jina lake limo humo. Wifi anaelewa, hauvuti. Anangoja.

"Usiichovye sana," Mama Dari anasema hatimaye, na kuuachia. "Pita upande mmoja, kuelekea dirishani. Usirudi nyuma ikianza kukauka. Na funga mdomo."

"Kwa nini nifunge mdomo?"

Dari inamjibu yenyewe. Wifi anatema, anapiga kelele, anatema tena.

"Imenitemea!"

"Karibu," anasema Mama Dari, na kuvuta ndoo yake karibu ili aone vizuri.

Jumapili wanaendelea na rangi ya pili. Mashine ya kusaga haifanyi kazi siku hiyo, kwa hiyo mume amekuja kushika ngazi. Mgawo mpya umeshazoeleka: Mama Dari anapita kingo na kona, wifi anasukuma rola katikati, na Mama Dari anaelekeza kutoka chini kwa sauti ambayo hata msagaji anaisikia yote. "Umeruka hapo. Hapo! Sio hapo pako, hapo pangu!"

Saa kumi na moja jioni mwalimu mkuu anaingia, funguo zikilia. Anazunguka ukumbi mara moja akiwa ameinua kichwa. Anasimama chini ya kona ya dirisha. Anasogea kushoto, anarudi kulia.

"Lilikuwa wapi lile doa?" anauliza.

"Ukishauliza hivyo, mwalimu," anasema wifi, "kazi imekwisha."

Mwalimu mkuu anawaambia waje kupima madarasa kabla ya likizo.

Mama Dari ameshaanza kuyapigia hesabu. Anataka mpini wa pili, mwepesi zaidi. Anataka wifi ajifunze kuchanganya rangi ya dari, ambayo huwa nzito kidogo kuliko ya ukuta. Mazoezi hataacha, mtaalamu amemwambia bega lililoshonwa ni kama mgeni wa heshima, linatakiwa kutazamwa kila siku. "Nilidhani ninapigania mkono ili nirudi peke yangu kule juu," anasema. "Nimerudi. Ila sasa tupo wawili, na mmoja wetu yuko sakafuni. Kwa mtindo huu nitapaka dari mpaka niwe bibi kizee."

Jioni hiyo mwalimu mkuu alifungua madirisha yote ili harufu itoke, akarudisha meza ndogo mahali pake. Wifi aliosha rola na brashi, kisha akapita dukani kununua kofia yenye ukingo mpana. Mume aliibeba ngazi hadi nyumbani na kulala mapema, kwa sababu mashine huwashwa alfajiri. Mtaalamu wa viungo alipigiwa simu. Aliuliza maumivu ni ya aina gani, akaambiwa ni ya kuvuta, akaagiza barafu na siku tatu za mapumziko. Mama Dari aliweka barafu begani mpaka ikayeyuka. Kisha alifua ovaroli yake, akaianika kwenye kamba kwa mikono miwili, kwa sababu Alhamisi wana sebule ya mtu ya kupaka.